Hesabu ya kazi isikuwe fimbo ya kutupiga

Ndugu wafanyakazi wa mine, bamama na batata wenye kutusoma, kuko jambo moja lenye linarudia kila juma ku makampuni ya kwetu Lualaba na Haut-Katanga. Mara nyingi siye bandelege tunaitwa juu yake wakati limekwisha kuharibika. Ekipe ya usiku inaleta tone kidogo kuliko ya jana. Asubui, hata watu hawajavua manguo ya kazi, shefu wa ekipe anapewa ile barua yenye bote tunajua jina yake: «demande d'explication». Anajibu vile anaweza. Mwisho wa mwezi, primu ya ekipe muzima inakatwa. Ku nyumba bibi anauliza: «Mwezi uliopita mulileta feza. Huu mwezi imeenda wapi?» Mutu anakosa jibu, juu hata yeye mwenyewe hajui alifanya nini mubaya. Na mara nyingi hakufanya kitu.

Leo tunataka kusema juu ya hesabu. Kuko hesabu moja, iko na miaka 100 na kidogo, yenye inasaidia kuachanisha namba yenye kusema kitu na namba yenye haisemi kitu. Baingenieri wanaijua, waliisoma ku masomo ya juu. Bakubwa wengine wameanza kuileta ku kazi, wanabandika ma grafiki ku ukuta. Ndugu wengine wetu wanasema: «Tukatale, ile ni mutego.» Siye tunasema hapana. Tuijifunze, tuishike mu mukono yetu, na tuombe itumike sawasawa na vile ilitengenezwa. Kama inatumika muzuri, ni hesabu yenye kutetea mufanyakazi. Kama inatumika mubaya, ni fimbo. Tofauti inaletwa na ule mwenye kujua ginsi inatumikishwa.

Unga ya bukari inatufundisha

Mama wa nyumba anajua hii hesabu bila kwenda ku masomo. Mufuko wa unga wa kilo 25, ku nyumba yake, unamalizika kisha siku 12. Mara ingine 11, mara ingine 13, hata 14 kama watoto walienda kwa shangazi. Unga ikiisha siku ya 11, mama haulize mutu. Anajua vile maisha iko: kuna siku watoto wanarudi ku mupira na njaa kali, kuna siku baba anakula ku kazi. Lakini mufuko ukiisha siku ya 6, mama anasimama. Hapo kuko kitu. Wageni walikuja, ao mufuko ulipasuka, ao kuko mutu anachota usiku. Anatafuta, na atapata.

Sasa tufikirie mama mwengine, mwenye kupiga watoto kila mara unga inaisha siku ya 11, na kuwanunulia beinye kila mara inafika siku ya 13. Watoto watajifunza nini? Watajifunza kuogopa na kuficha. Kuchunga unga hawatajifunza, juu si beye banaleta tofauti ya 11 na 13. Ile tofauti iko ndani ya maisha ya nyumba yenyewe.

Ndugu, ku makampuni mingi bakubwa wetu wanafanya sawa na ule mama wa pili. Na wako na diplome.

Karatasi ya mwaka 1924

Mutu mwenye aliweka hii akili ku karatasi ni Mumarekani Walter Shewhart. Alikuwa anatumika kwa Western Electric, yenye ilikuwa inatengeneza vyombo vya telefone ku kiwanda kikubwa cha Hawthorne, karibu na muji wa Chicago. Tarehe 16 mwezi wa tano 1924 aliandikia mukubwa wake karatasi moja tu, na juu yake alichora mustari. Mu Kifaransa hiyo wanaiita «carte de contrôle». Siye tutasema karatasi ya kontrole.

Iko hivi. Unachukua namba za kazi, kila siku ao kila posti, na unaziweka ku grafiki moja kisha ingine. Katikati unachora mustari wa wastani, ile ya «moyenne». Juu yake unachora mustari moja, chini yake ingine. Namba zenye ziko kati ya ile mistari miwili zinapanda na kushuka juu ya sababu za kila siku: barabara, mvua, uzee wa mashini, ugumu wa mawe, usingizi wa saa kenda za usiku. Ni sababu nyingi ndogo-ndogo, zote pamoja, na hakuna mutu moja wa kulaumu. Namba yenye inatoka inje ya mistari, ile njo iko na sababu ya pekee. Njo ya kutafuta.

Neno kubwa ni hili, tunaomba kila delege alishike: mistari ya juu na ya chini haitoke mu kichwa cha direkteri. Inatoka mu namba zenyewe za kazi. Objektifi yenye bureau iliandika ni mapenzi ya mukubwa. Mistari ni ukweli wa kazi vile inafanyika leo. Ni vitu viwili, na mutu mwenye kuvichanganya anadanganya, hata kama hajui kama anadanganya.

Mufano wa karyere

Tuchukue mufano. Namba ni za mufano tu, lakini kila shefu wa posti anaweza kufanya vile vile na zake. Kamyo za posti ya usiku, siku 12, zimefanya safari hizi kutoka ku pele mupaka ku konkaseri: 62, 58, 65, 60, 57, 64, 61, 55, 63, 59, 66, 62.

Jumlisha zote: inatoa 732. Gawanya na 12: 61. Ile njo wastani. Kisha angalia tofauti kati ya usiku moja na wenye kuufuata: 4, 7, 5, 3, 7, 3, 6, 8, 4, 7, 4. Jumla ni 58. Gawanya na 11: inatoa 5,27. Zidisha na 2,66, namba yenye watu wa hii hesabu wanatumikisha kila pahali: inatoa 14. Basi mustari wa juu ni 61 na 14, ni kusema 75. Mustari wa chini ni 61 kutosha 14, ni kusema 47. Tena, namba 12 ni kidogo. Ni muzuri zikuwe 20 na zaidi mbele ya kuamini mistari. Lakini hesabu njo ile ile. Mutoto wa kalasi ya sita anaiweza.

Sasa tuangalie. Mu ile siku 12, hakuna hata moja yenye ilitoka inje ya 47 na 75. Usiku wa safari 55 na usiku wa safari 66 ni ndugu wa tumbo moja. Wenye walitumika usiku wa 55 hawakulala. Wenye walitumika usiku wa 66 hawakuwa mashujaa. Lakini ku kampuni, ekipe ya 55 imepata barua, ekipe ya 66 imepata pongezi mbele ya watu bote. Juma lenye kufuata wamebadilishana: wale wa pongezi wanapata barua. Na kila mutu anaanza kufikiri mwenzake anamuroga.

Tuseme bureau iliweka objektifi ya safari 65. Mu siku 12, ni usiku mbili tu zilifika pale. Karatasi inasema nini? Inasema hii karyere, vile iko leo, inatoa 61. Mukiandika barua 100, itatoa 61. Mukikata primu ya mwaka muzima, itatoa 61. Kama munataka 65, mubadilishe karyere: mutengeneze barabara yenye mashimo, mupunguze mulolongo wa kamyo ku konkaseri, mubadilishe ile pele yenye kufa kila juma, gazwali ikuje ku saa yake, pneu za kubadilisha zikuwe tayari. Hakuna hata kitu kimoja mu hivi chenye kiko mu mukono ya shofere. Vyote viko mu mukono ya direksyo.

Lakini kama kuna usiku wa safari 41? Ile iko inje. Hapo siye wenyewe tunakubali: tuulize. Na ulizo la kwanza likuwe «ni nini ilitokea?», «ni nani?» ingojee. Pengine mvua kubwa ilikata barabara. Pengine pele ilivunjika saa nane za usiku na fundi wa kuitengeneza hakukuwa na piyese. Pengine kweli mutu alilewa. Ile pia inatokea, na hatuifiche. Ule mwenye alilewa tutasema naye. Lakini tutajua ni yeye, hatutapiga ekipe muzima kwa gizani.

Kuko alama ingine ya kushika. Kama namba 8 zinafuatana zote juu ya mustari wa katikati, ao zote chini, hata kama hakuna yenye ilitoka inje, jueni kama kitu kimebadilika. Hiyo inatusaidia siku yenye kampuni inatengeneza barabara na kisha inasema: «Hakuna faida, feza imepotea.» Tuangalie karatasi. Kama ni 8 juu, faida iko.

Sababu gani bashefu wanaamini makelele

Shefu moja wa posti alitusemesha wazi: «Nyie munasema makelele haisaidie. Lakini siye tuliona. Kila mara tunagombeza ekipe, kesho yake tone inapanda.» Hakuwa na ubongo, na ni muzuri kumujibu kwa heshima.

Ni kweli inapanda. Lakini itapanda hata kama angebakia kimya. Kisha usiku wa 55, usiku wenye kufuata karibu kila mara utakuwa juu zaidi, juu 55 ni karibu na chini na kazi inarudia ku wastani wake. Vile vile, kisha usiku wa 66 itashuka, na shefu atasema: «Munaona? Tuliwapongeza, wamejivuna, wamelegea.» Basi shefu anajifunza kama matusi inajenga na shukrani inabomoa. Amefundishwa uongo na namba zake mwenyewe. Mashefu wengi walikuwa watu wazuri wakati walikuwa wanaendesha kamyo. Namba zenye hazikusomwa muzuri njo zimewafanya wakali.

Shanga nyekundu

Mutu mwengine mwenye alishika mafundisho ya Shewhart ni William Edwards Deming. Mu 1950 Wajaponi walimuita kufundisha baingenieri na bakubwa wa makampuni yao, na toka 1951 wanatoa zawadi yenye iko na jina lake. Deming alikuwa na muchezo mu semina zake. Anaweka mu sanduku shanga 4.000, na ndani yake 800 ni nyekundu. Anaita watu, anawapa kibao chenye matundu 50, wachote. Shanga nyeupe ni kazi muzuri, nyekundu ni kazi mubaya. Ni marufuku kuchagua.

Kila mutu anachota, na kwa wastani nyekundu zinakuwa karibu 10. Lakini moja anapata 6, mwengine 14. Deming anajifanya shefu: anapongeza wa 6, anagombeza wa 14, anabandika maneno ya kutia moyo ku ukuta, anasema kazi itafungwa kama hawabadilike. Watu wanacheka. Kisha kucheka wanaelewa: shanga nyekundu zilikuwa mu sanduku mbele mufanyakazi hajafika. Yeye hakuziweka.

Deming aliandika kwamba, kufuatana na vile aliona mu maisha yake ya kazi, matatizo 94 kwa 100 yanatoka mu mupango wa kazi, wenye ni mafasi ya wakubwa, na 6 kwa 100 njo yanatoka mu sababu za pekee. Hata mutu akikatala ile 94, abadilishe aweke 80. Barua zetu za maelezo, zinatumwa kwa nani? Karibu zote kwa mufanyakazi.

Na siye watu wa Katanga hatuhitaji kwenda Japani kutafuta ushuhuda. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tone 450.000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa 1990, sehemu ya katikati ya mine ya chini ya udongo ya Kamoto ikabomoka. Mu 1994 Gécamines ilikuwa imeanguka chini ya tone 50.000. Wazee wetu wenye walitumika mu ile miaka ya utajiri, wengi wao njo wale wale wenye walitumika mu miaka ya njaa. Mikono ile ile, akili ile ile, masomo ile ile. Je, walikuwa wavivu kwa gafula? Mashini ilizeeka bila kubadilishwa, piyese ikakosa, feza ya shaba haikurudia ku shaba. Kama wangeandikia kila mufanyakazi wa Kolwezi, Likasi na Kipushi barua ya maelezo kila asubui, hata kilo moja haingeongezeka.

Mukono yenye haitulie

Kuko hasara ingine, hii ni ya ndani ya kiwanda. Ndugu wa kiwanda cha hidrometalurji wanaijua. Operateri anapima asidi mu tangi. Namba imeshuka kidogo, anaogopa shefu, anaongeza asidi. Saa moja kisha, imepanda kidogo, anapunguza. Posti yenye kufuata inakuta imevuka, inatia chokaa. Kutwa muzima ni kufukuza namba. Deming alionyesha kama kazi yenye inatulia, ukiigusa kila mara juu ya tofauti ndogo ya kawaida, namba zinatawanyika zaidi kuliko kama ungeiacha. Asidi inapotea, chokaa inapotea, na operateri anarudi ku nyumba amechoka sawa mutu mwenye alisukuma kamyo. Karatasi ya kontrole inamuambia wakati gani kugusa na wakati gani kuacha. Hiyo ni faida kwa kampuni na kwa mishipa ya mufanyakazi.

Aksida: hapa tuwe macho

Hesabu hii itumike pia ku aksida, na hapa tunasema kwa nguvu, juu ni damu ya watu.

Makampuni mingi wako na kibao kikubwa ku mulango: «Siku 200 bila aksida.» Na wanapima «taux de fréquence»: unachukua aksida zenye zilisimamisha mutu kazi, unazidisha na 1.000.000, unagawanya na masaa yote ya kazi. Si mubaya kupima. Ubaya ni kufunga ile namba na primu. Siku ya 199 ndugu anapondeka kidole. Wenzake wanamuangalia. Anafunga kidole na kitambaa, anamaliza posti, anasema aliumia ku nyumba akipasua kuni. Kibao kinafika 200, watu wanapata primu, yeye anabakia na kidole chenye hakikunje tena, na hakuna karatasi yenye kuonyesha aliumia ku kazi. Woga njo unapika namba. Mutu mwenye anaogopa hatakupa namba ya kweli, na bila namba ya kweli karatasi yote ni mapambo ya ukuta.

Tena, kuko mutego wa pili. Bakubwa wengine wakijifunza hii hesabu watakuja kutuambia: «Aksida mbili kwa mwezi, tunaona ziko ndani ya mistari, basi ni kawaida.» Ndugu, tukatale hapo hapo. Kuwa ndani ya mistari haimaanishe muzuri. Inamaanisha tu kama namna kazi ilipangwa inaleta aksida mbili kila mwezi, sawa vile muti wa embe unaleta embe. Kwa hiyo haifae kutafuta mukosefu kati ya wenye waliumia. Ule muti wenyewe njo wa kukata: mupango wa kazi, masaa, taa za karyere, breki za kamyo, barabara ya watu wa miguu. Magonjwa yenye yanatulia mu mwili yanabakia magonjwa.

Majibu kwa ndugu wenye kukatala

Ndugu wanaosema ni mutego hawako bila sababu. Mu 2003 zaidi ya wafanyakazi 10.000 walitoka Gécamines mu mupango wenye waliita «départs volontaires». Wengi wetu ni watoto wa wale. Tulijifunza ku nyumba kama wakati wazungu wa makaratasi wanakuja na hesabu, watu wanatoka. Ile woga tunaiheshimu. Lakini bakubwa hawatangojea ruhusa yetu kwa kupima. Wanapima tayari: ma ordinatere ya kamyo inahesabu kila safari na kila dakika ya kusimama. Swali ni nani anasoma zile namba, na anasoma namna gani. Tukitoka mu chumba, tutawaachia chumba.

Wengine wanasema: «Siye si watu wa masomo.» Japani, toka mwaka 1962, wafanyakazi wenyewe walianza kukutana mu vikundi vidogo ku mafasi ya kazi na kuchora hizi grafiki kwa mukono yao, na mwalimu Ishikawa Kaoru njo aliwasukuma. Walikuwa watu wa kiwanda sawa siye. Mutu mwenye anaweza kuhesabu likelemba ya watu 15 bila kukosea hata franka moja, anaweza hii hesabu.

Wengine tena wanatuuliza juu ya ndugu wa «sous-traitance». Ulizo ni la haki. Mufanyakazi wa kampuni kubwa anapata barua ya maelezo, wa sous-traitance hapati hata barua, anaambiwa tu: «Kesho usikuje.» Na namba mubaya mara nyingi zinasukumwa upande wao, juu hawana delege wa kusema. Kazi ni ile ile, karyere ni ile ile. Karatasi ikuwe moja kwa bote.

Yenye tunaomba

Sheria iko upande wetu. Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inaomba mwajiri ashaurie delegasyo sendikale juu ya namna ya kulipa na ya primu. Tena inaomba kuwe komite ya usalama na usafi wa mafasi ya kazi. Basi maombi yetu hatuyachukue ku mawingu. Ni haya:

1. Karatasi ya kontrole ihesabu kazi, isihesabu mutu. Jina la shofere ao la operateri lisiandikwe juu yake.

2. Mistari ihesabiwe na namba za kazi. Objektifi ya bureau isichorwe kama mustari wa kontrole.

3. Namba yenye iko ndani ya mistari isilete barua, isikate primu, isitoe mutu ku kazi. Namba yenye iko inje ilete kwanza ankete, na delege akuwe ndani.

4. Karatasi ibandikwe pahali posti zinabadilishana, na maelezo mu Kiswahili pamoja na Kifaransa. Wafanyakazi wapewe kalamu ya kuandika juu yake yenye ilitokea: mvua, pele imekufa, gazwali imechelewa.

5. Aksida itoke mu hesabu ya primu. Mutu mwenye kusema aliumia ashukuriwe, asikatwe.

6. Kama namba zimepanda juu ya mawazo ya wafanyakazi, faida igawanywe, na hata mutu moja asipoteze kazi juu ya ile.

7. Kalamu ile ile ipime pia mambo ya upande wa wakubwa: siku ngapi mushahara unachelewa, dakika ngapi ambulanse inafika ku karyere, kiasi gani cha vumbi mutu anavuta, wiki ngapi mutu anangojea viatu na maske mupya. Kama namba ni muzuri kwa kupima shofere, ni muzuri kwa kupima magazini pia.

Bandelege, ku mukutano wenye kufuata na direksyo, muombe namba za miezi sita, posti kwa posti. Musingojee wachore, muchore mwenyewe mbele yao, halafu mubebe barua zote za maelezo za ile miezi sita na muweke kila barua chini ya siku yake. Muhesabu barua ngapi ziliandikwa juu ya namba zenye zilikuwa ndani ya mistari. Hatuwaambie mutapata ngapi. Lakini tunafikiri chumba kitanyamaza.

Mashefu wa ekipe, mununue kaye ya franka kidogo na muanze leo usiku. Muandike namba, na pembeni muandike yenye ilitokea. Siku barua inakuja, mutajibu na kaye.

Na nyie bamama, wakati baba anarudi na primu yenye imekatwa, muulize pia ulizo hili: «Karatasi ilisema nini?» Kama hakuna karatasi, mumuambie aende kuulizia delege wake. Tutakuwa pale.